Nani Alishindwa Blida?

Novemba 1953, daktari kijana kutoka kisiwa cha Martinique, Frantz Fanon, aliripoti kazini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida-Joinville, si mbali na Algiers, wakati Algeria ingali chini ya Ufaransa. Alikabidhiwa wagonjwa wa makundi mawili: wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Alikuwa ametoka Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, alikofundwa na François Tosquelles, mkimbizi kutoka Katalunya aliyeamini kwamba hospitali yenyewe ndiyo ya kutibiwa kwanza, ndipo iweze kumtibu mtu. Dawa ya hospitali, kwa mafundisho hayo, ilikuwa shughuli: mikutano ya wodi, gazeti linaloandikwa na wagonjwa, jioni za sinema na muziki, sherehe, na karakana za kazi za mikono. Fanon aliyapeleka yote hayo Blida. Upande wa wanawake mambo yalishika upesi. Walishona, waliandika gazetini, waliandaa sherehe ya Krismasi. Upande wa wanaume kila kitu kiligoma. Kwenye mikutano watu walikaa kimya au walijiondokea. Kwaya haikuimba, maigizo hayakupata waigizaji, na gazeti lilikosa waandishi kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma. Karakana ya kusuka rafia ilifunguliwa nayo ikadoda.

Mwaka 1954 Fanon na msaidizi wake, Jacques Azoulay, walichapisha makala juu ya kushindwa huko. Kwa maoni yangu makala hiyo ni miongoni mwa nyaraka kuu za fani ambayo Tanzania huiita tiba kwa vitendo, ingawa waandishi wake walikuwa madaktari wa akili na hawakuwa na nia ya kuijengea fani hiyo msingi. Matibabu yakigoma, lawama haikosi pa kutua: ama kwa mgonjwa, ama kwenye matibabu yenyewe. Fanon na Azoulay waliitua kwenye matibabu. Waliandika bila kumung'unya maneno kwamba walikuwa wameibeba hadi wodini siasa ileile ya kumtaka Mwalgeria ageuke Mfaransa, wakimtarajia mgonjwa ndiye apige hatua zote za kuwafuata. Ninachodai ni kwamba huko kuheshimu utamaduni wa mgonjwa kunakohubiriwa sasa katika kila chuo cha fani hii kunasimama au kuanguka kwa kitendo hicho kimoja cha kuhamisha lawama. Bila hicho, ujuzi wa mila, hata uwe mwingi kiasi gani, haumfai mgonjwa kitu, na wakati mwingine humdhuru.

Ushahidi wa upande wa pili uko Nairobi. Kuanzia 1938 hadi 1950 Hospitali ya Mathari iliongozwa na J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Mwaka 1953, mwaka uleule Fanon alipofika Blida, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mtu akikifungua akitarajia kukuta daktari asiyejali mila atashangaa. Kimejaa mila: malezi ya watoto, jando, undugu, uchawi, ngoma, mwenendo wa maisha ya kijijini. Carothers alikuwa na utamaduni wa kutosha mikononi mwake. Lakini alipouliza kwa nini Mwafrika hafanyi kama Mzungu anavyotarajia, jibu lake lilirudi kwa Mwafrika mwenyewe: kwamba haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau, na humo pia uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ukasomwa kama dalili ya akili iliyoyumba katikati ya dunia mbili. Algiers nako palikuwa na shule nzima ya madaktari wa mtazamo huo, chini ya profesa Antoine Porot, na kimya cha wanaume 220 mbele ya rafia kingewapa ushahidi wa bure. Fanon aliwajibu wote, Carothers kwa jina, katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961. Jibu la maana zaidi, hata hivyo, alikuwa amekwisha kulitoa wodini.

Wodini waligundua nini? Wanaume wale hawakuona kusuka kuwa kazi ya mwanamume. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana: mpe mvuvi wa Pemba ukindu asuke mkeka, naye atakutazama asijue kama unamtania au unamtukana, wakati mikono hiyohiyo husuka dema na kushona nyavu mchana kutwa bila kuombwa. Wagonjwa wa Blida wengi walikuwa watu wa mashamba, na wao walipopewa sururu na kipande cha ardhi, hapakuwa na haja ya kuwasukuma. Kuimba jukwaani kulikuwa kazi ya watu maalumu wanaolipwa, ambao mtu mwenye heshima zake hakutaka kufananishwa nao. Jioni ya kukaa mezani na wauguzi haikuwa na mfano katika maisha yao. Mwanamume alikwenda mkahawani, akanywa kahawa, akacheza dhumna, akasikiliza habari. Sikukuu walizoandaliwa hazikuwa zao. Hata mkalimani alikuwa tatizo. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabyle, na kwa mkulima wa Algeria mkalimani alikuwa mtu anayekutana naye mahakamani na katika ofisi za serikali, akiwa na kesi au akidaiwa kodi; mazungumzo ya tiba yalianza tayari yakinuka kituo cha polisi. Basi wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wakaweka mahali pa kusalia, wakaadhimisha Idi, wakamleta msimuliaji wa hadithi wa aina ileile aliyezunguka vijijini. Watu wakaanza kuja.

Inafaa kujiuliza kikapu cha rafia kilitoka wapi hata kikaonekana dawa ya watu wote. Chama cha kwanza cha tiba kwa vitendo kiliundwa Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, nyumbani kwa George Barton, msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande mmoja, na akajirudisha kwenye maisha kwa bustani na useremala. Kabla ya kuugua, Barton alikuwa katibu wa chama cha sanaa na ufundi cha Boston, tawi la vuguvugu lililoanzia Uingereza kwa William Morris na John Ruskin. Vuguvugu hilo lilikuwa kilio cha watu wa tabaka la kati dhidi ya viwanda: mashine imemuua fundi, na turudi kwenye kitanda cha kufumia, udongo na ukindu ili utu urudi. Mwenzake Eleanor Clarke Slagle alijifunza shughuli hizo Hull House, Chicago, katikati ya mitaa ya wahamiaji waliofanya kazi viwandani. Kwa hiyo kikapu hakikuwa chombo kisicho na kabila. Kilikuwa mila ya watu fulani, wa tabaka fulani, wenye kidonda fulani, na kwao kiliponya kwa sababu kilijibu swali lililowakera. Mkulima wa Mitidja, uwanda wa Blida, aliyepokonywa shamba na walowezi hakuwa na swali hilo. Hakuwa amepoteza ufundi wake kwa mashine. Alikuwa amepoteza ardhi.

Njia ya pili iliyofikisha Afrika wazo la kutibu kwa kazi ilipita Ujerumani, na hapa historia inatugusa kwa karibu. Katika mkoa wa Westphalia mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliongoza tangu 1872 makazi ya Bethel, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wenye kifafa, kwa kanuni ya kazi badala ya sadaka. Jirani na hapo, Gütersloh, daktari Hermann Simon alijenga baada ya Vita Kuu ya Kwanza utaratibu wa kumpa kila mgonjwa shughuli, na ni kitabu cha Simon ambacho Tosquelles alikwenda nacho Saint-Alban. Wamisionari wa Bethel walikuwa wamefika mapema zaidi katika milima ya Usambara. Lutindi, juu ya Korogwe, ilijengwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mashamba na kazi za mikono ni sehemu ya tiba yake hadi leo.

Hapo ndipo linapotokea pingamizi zito kuliko yote. Kumwita mtu mgonjwa, kumfungia, kisha kumlimisha shamba la anayemfungia, huo ni unyapara uliovaa koti jeupe. Hospitali nyingi za akili, Ulaya kama Afrika, zilijilisha kwa mikono ya wagonjwa wao na kuliita jambo hilo tiba, na katika makoloni ambamo watu walikuwa wakilazimishwa kulima barabara na mashamba ya mkonge, mpaka kati ya wodi na kambi ya kazi ulikuwa mwembamba. Sikatai hata kidogo. Lakini pingamizi hili linaipa nguvu hoja ya lawama badala ya kuidhoofisha. Katika shamba la unyapara, mgonjwa anayeacha jembe huandikwa mvivu, au huandikwa kwamba hali yake imezidi. Kukataa kwake hakuwezi kuwa habari juu ya shamba. Katika tiba, kukataa ni habari. Ukitaka kujua kama kazi ya hospitali fulani ilikuwa dawa au utumikishwaji, tafuta kilichotokea siku mgonjwa aliposema hapana, na mazao yalikwenda ghala la nani. Kipimo hicho hakihitaji mtu kuamini nia njema ya yeyote, wala ya wamisionari wala ya Fanon.

Pingamizi la pili ni la wajuzi, na ni la hila zaidi: kwamba utamaduni ukishaingia katika mtaala hugeuka sanduku. Mwarabu apewe mkahawa, Mwafrika apewe jembe, na kazi imekwisha. Historia inalithibitisha. Mwaka 1954 daktari wa akili wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza kuwaweka wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake, wakienda hospitali mchana na kurudi kijijini jioni. Mafanikio yake yalisikika Afrika nzima. Tanzania nayo, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, ilianzisha vijiji vya kilimo vya kuwarekebisha wagonjwa wa akili. Wazo lilikuwa zuri na lilipatana na siasa ya wakati wake: familia karibu, shamba karibu, minyororo mbali. Lakini msukuma mkokoteni wa Kariakoo, au karani, au kijana aliyezaliwa mjini na kuuza mitumba, anayekabidhiwa jembe kwa kuwa Mwafrika ni mkulima, amepewa rafia ya Blida kwa jina lingine. Fanon mwenyewe hakusalimika. Kati ya wanaume wake wapo waliotoka mijini, na mkahawa aliouweka ni mahali pa wanaume. Wanawake Waislamu walikuwa kwenye wodi nyingine, na makala ya 1954 haiwezi kutuambia wao wangehitaji nini. Anachostahili kusifiwa ni kwamba hakuridhika. Baada ya kujiuzulu mwishoni mwa 1956 na kufukuzwa Algeria, alianzisha Tunis hospitali ya mchana, mgonjwa alale kwake, na akasema kwamba ile jamii ndogo inayoundwa ndani ya kuta, hata ikiwa na mkahawa na gazeti, ni jamii ya bandia. Alihamisha lawama tena, safari hii hadi kwenye suluhisho lake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya akili, na kwamba mkono uliopooza ni mkono uliopooza, uwe Moshi au Maryland. Misuli haina dini. Ni kweli kwa misuli, lakini mtoa tiba kwa vitendo hapimi misuli peke yake. Anapima kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani. Kipimo maarufu cha shughuli hizo kilichapishwa Maryland mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel, chenye vipengele 10 na jumla ya alama 100, na bado kinatumika duniani kote. Katika maelezo yake ya awali, mgonjwa hupata alama kamili za kula ikiwa anaweza, pamoja na mengine, kukata chakula chake, kutia chumvi na pilipili, na kupaka siagi. Sasa mchukue mama wa Tanga aliyepigwa kiharusi upande wa kulia. Ugali hauna kisu wala siagi. Kwa mkono wa kushoto anaweza kula, na hospitalini atapata alama zake, lakini akirudi nyumbani hatausogeza mkono huo kwenye sinia ya pamoja, atajitenga, na baada ya mwezi mmoja atakuwa haketi tena na watu. Ngazi zina alama 10, na nyumba yake haina ngazi hata moja. Kuketi juu ya mbuzi, kushika nusu ya nazi kwa mikono miwili na kuikuna, kazi ambayo kwake ndiyo kurudi jikoni, haina alama yoyote. Najua kipimo cha pamoja kinahitajika, la sivyo hatuwezi kulinganisha hospitali na hospitali wala mwaka na mwaka. Kitunzwe. Ila alama zake zinaeleza jinsi mgonjwa anavyolingana na meza ya Maryland, na anayezisoma kama ukweli wote juu ya mama huyo amefuata njia ya Carothers bila kukusudia. Tena mila si ukuta: dini ileile iliyomfunza kutumia mkono wa kulia humruhusu mwenye udhuru kutumia wa kushoto, na maneno mawili ya shehe wa mtaani huenda yakamrudisha kwenye sinia mapema kuliko miezi ya mazoezi. Mtoa tiba ambaye hakuuliza asingelijua hilo.

Linabaki pingamizi ambalo watetezi wa utamaduni hupenda kulikwepa: mila nayo humfunga mgonjwa. Fani hii ilizaliwa katika jamii inayoona kujitegemea kuwa heshima, na Michael Iwama, Mkanada mzaliwa wa Japani, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2006 jinsi lengo hilo lisivyoeleweka kwa watu wanaojiona sehemu ya familia kabla ya kujiona nafsi moja. Yeye na wenzake wa Japani waliweka mahali pake picha ya mto, pamoja na mawe na magogo yanayouziba. Vema. Lakini kwetu mtoto mwenye ulemavu huweza kufichwa chumbani kwa jina la kulinda heshima ya nyumba, na mama yule wa Tanga huweza kuzuiwa na wakwe zake kugusa hata kijiko, kwa adabu tupu, mpaka mkono uliokuwa ukipata nafuu ukakamae kabisa. Je, hapo mtoa tiba anyamaze kwa kuheshimu mila? Asinyamaze, na hoja ya lawama haimtaki anyamaze. Familia si msemaji pekee wa utamaduni. Mgonjwa naye ni mwenye utamaduni huo, na mara nyingi ana lake la kusema juu ya nani apike. Wakwe wakimzuia, haitoshi kuandika kwamba familia haina ushirikiano. Ilipasa kujua tangu siku ya kwanza kwamba mazoezi ya jikoni hayafanyiki bila idhini ya wenye jiko, kisha kuwaita, kuwaeleza, na kubishana nao ikibidi. Mafunzo ya fani hii yalianza Nairobi mwaka 1968, na Moshi, hospitali ya KCMC, nako kuna chuo chake. Wahitimu ni wachache, foleni ni ndefu, na atakayesema hakuna muda wa kuwaita wakwe ana hoja. Ila muda huo hauokolewi kwa kuacha kuuliza. Karakana ya rafia nayo ilikuwa na chumba, na wauguzi, na mishahara, na ilifunguliwa kila siku kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyekuwa amewauliza wanajua kazi gani.